Mayai ya artemia: mzigo mkavu ulio hai kwa wafugaji wa kambare wa Rusizi na Bukavu

RUSIZI – Kopo la gramu 425 la mayai ya artemia ni mzigo mdogo. Linaingia kwenye mkoba wa abiria, halinuki, halivuji, wala halihitaji maji au hewa ya oksijeni njiani kama vifaranga wa samaki. Kwa sababu hiyo wasafirishaji wengi hulichukulia kama kopo la unga wa maziwa: hurushwa juu ya buti la basi, au huachwa nyuma ya kioo cha gari juani.

Lakini ndani ya kopo hilo kuna mayai zaidi ya milioni 100, na yote yako hai. Yakipata unyevu au joto kali yanakufa bila kubadilika rangi wala harufu. Hasara hugunduliwa na mfugaji wa kambare siku chache baadaye, wakati vifaranga wake wamekwisha kumaliza akiba waliyozaliwa nayo na hawana cha kula. Hapo hata kopo jipya likitoka Kigali siku hiyo hiyo, huwa limechelewa.

Makala hii inaeleza mayai hayo ni nini, nani anayahitaji na nani hayahitaji, namna ya kuyatotoa nyumbani, na jinsi mfanyabiashara anavyoweza kuyapima kabla ya kulipa.

Artemia ni nini?

Artemia ni mdudu mdogo wa majini wa jamii ya kamba. Anaishi katika maziwa ya chumvi kali na katika madimbwi ya kuvunia chumvi, mahali ambapo samaki hawawezi kuishi. Maji yanapokuwa makali mno, jike hatoi watoto bali hutoa mayai yenye ganda gumu. Mayai hayo huelea, hupelekwa ukingoni na upepo, na hukauka. Yakikaushwa vizuri na kufungwa bila hewa yanaweza kukaa miaka kadhaa, kisha yakatotoka yakitiwa tena katika maji ya chumvi.

Sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa duniani imekuwa ikitoka katika Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, Marekani. Mengine hutoka Urusi, Kazakhstan na China. Nchini Vietnam, wavuna chumvi wa Vinh Chau walianza kufuga artemia katika madimbwi yao miaka ya 1980, na mayai yakawa zao la pili baada ya chumvi.

Hapa Afrika Mashariki, artemia waliletwa katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hata hivyo makopo mengi yanayofika katika Maziwa Makuu ni ya kutoka ng'ambo. Huingia kwa ndege, au kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha hufuata barabara hadi Kigali. Kutoka Kigali hupita Huye na msitu wa Nyungwe hadi Kamembe. Kwa hiyo kopo linapofika Rusizi limekwisha kupita katika mikono mingi na hali nyingi za hewa.

Nani anayahitaji?

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapokosea. Si kila mfugaji wa samaki ni mteja wa artemia.

Mfugaji wa tilapia hahitaji. Tilapia jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wanapotoka ni wakubwa kiasi cha kula chakula cha unga tangu mwanzo. Ukimshawishi mfugaji wa tilapia anunue kopo, utauza mara moja tu.

Kambare ni tofauti. Mayai yake ni madogo na mengi. Katika maji ya nyuzi joto 25 hadi 28 hutotoka baada ya siku moja hadi siku moja na nusu. Kifaranga hutoka na kifuko cha kiini cha yai tumboni, na hicho humtosha kwa siku mbili hadi tatu. Kikiisha ni lazima ale, lakini tumbo lake bado halijakamilika na chakula cha unga hawezi kukisaga vizuri. Anahitaji kitu kidogo, laini, kinachotembea mbele ya macho yake. Mtoto wa artemia ana urefu wa karibu nusu milimita na anakidhi mahitaji yote hayo. Vituo vingi vya kuzalisha vifaranga wa kambare huwalisha artemia kwa siku 7 hadi 10, kisha huwazoesha unga kidogo kidogo.

Kwa hiyo wateja wa kweli ni wale wanaozalisha vifaranga wa kambare wenyewe, Rwanda na ng'ambo ya Mto Rusizi upande wa Bukavu na Uvira. Mfugaji anayenunua vifaranga waliokwisha kukua hahitaji kopo.

Na kamba wa baharini je?

Wapo wanaouliza kama kwa kopo hilo hilo mtu anaweza kukuza kamba wa baharini nyumbani Rusizi, kwa kuwa bei ya kamba hotelini ni nzuri. Jibu fupi ni kwamba si biashara ya hapa.

Kiluwiluwi wa kamba wa baharini hupita hatua kadhaa kabla ya kufanana na kamba. Hatua ya kwanza huchukua kama siku mbili na hali kitu. Ya pili huchukua siku nne au tano, na chakula chake ni mimea midogo sana ya baharini ambayo nayo lazima ioteshwe. Artemia huanza kutumika zaidi katika hatua ya tatu, na huendelea baada ya kiluwiluwi kuwa kamba mdogo. Muda wote huo maji yawe na chumvi kama ya bahari, gramu 28 hadi 35 kwa lita, na joto la nyuzi 28 hadi 32, usiku na mchana.

Ziwa Kivu haliwezi kutoa hayo. Maji yake yana zaidi kidogo ya gramu moja tu ya chumvi kwa lita, na Kamembe, iliyo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni baridi kwa viumbe hao. Pwani yenyewe kazi hii si rahisi. Shamba la kamba la Ngomeni, Kenya, lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Tanzania imekuwa na shamba la kamba katika kisiwa cha Mafia. Yote mawili yako kando ya bahari. Kwa Rusizi, faida ya artemia iko katika kambare.

Kutotoa nyumbani

Vifaa ni vichache: chupa ya plastiki ya lita 5 iliyokatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini, pampu ndogo ya hewa na mpira wake, taa, kipimajoto na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa karibu sana.

1. Tia lita 4 za maji safi kwenye chupa. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mzima kwanza.

2. Ongeza gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa kila lita, yaani gramu 100 hadi 120 kwa lita 4. Chumvi ya kawaida ya jikoni inafaa.

3. Maji yasiwe na uchachu. Yakiwa ya mvua au ya chemchemi, ongeza kijiko kidogo kimoja cha bekingi soda. Maji ya Ziwa Kivu yana asili ya magadi, kwa hiyo hayahitaji nyongeza hiyo. Yachuje tu na yachemshe kwanza.

4. Tia gramu moja ya mayai kwa kila lita. Ukizidisha gramu mbili kwa lita hewa haitatosha.

5. Peleka mpira wa hewa hadi chini kabisa. Mayai yasikae kitako. Yazunguke muda wote, kwa kuwa yakilala chini yanakosa hewa na kufa. Umeme ukikatika mara kwa mara, tafuta pampu ya betri kabla ya kuanza.

6. Washa taa karibu na chupa. Mwanga wa saa za kwanza huyaamsha mayai.

7. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28. Hili ndilo jambo linalowashinda wengi Kamembe. Maji yaliyoachwa chumbani usiku huweza kushuka hadi nyuzi 20 au chini yake, na mayai yaliyopaswa kutotoka kwa saa 24 yakachukua siku moja na nusu au zaidi, tena bila mpangilio. Isimamishe chupa ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu na uyabadilishe yanapopoa. Bugarama, iliyo chini zaidi, ina joto na shida hii ni ndogo.

Baada ya saa 24 zima hewa na subiri dakika 5 hadi 10. Maganda matupu yataelea juu. Mayai yasiyototoka yatazama chini kabisa. Watoto wa artemia, wenye rangi ya machungwa, hufuata mwanga: funika sehemu ya juu ya chupa, mulika upande wa chini, nao watakusanyika hapo. Mwaga kwanza kile kilichozama, kisha wavute kwa mpira, wachuje kwenye kitambaa na wasuuze kwa maji baridi ili chumvi itoke.

Walishe vifaranga mapema. Mtoto wa artemia huzaliwa na akiba ya mafuta, na ndiyo lishe unayoinunua. Kila saa inayopita anaitumia mwenyewe. Asipotumika mara moja, awekwe kwenye friji, si chumbani. Katika maji baridi yasiyo na chumvi haishi muda mrefu, na akifa huchafua maji. Kwa hiyo lisha kidogo mara nyingi, mchana na usiku, kuliko kingi mara moja. Kifaranga aliyeshiba anaonekana: tumbo lake hugeuka rangi ya machungwa.

Tayarisha chupa mbili za kupokezana ili kila siku pawe na mavuno. Chupa ya kwanza ianze siku moja kabla ya mlo wa kwanza wa vifaranga.

Pima kopo kabla ya kulipa

Tarehe iliyoandikwa kwenye kopo haitoshi. Kopo lenye tarehe nzuri lililokaa juani linaweza kuwa bovu kuliko la zamani lililotunzwa. Kipimo cha haki ni asilimia ya mayai yanayototoka, nacho hakihitaji mizani wala maabara.

Totoa kiasi kidogo kwa muda wa saa 24 kama ilivyoelezwa. Hewa ikiwa bado inapuliza na maji yanazunguka, vuta mililita moja kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Imwage kwenye sahani nyeupe na uongeze tone la spiriti ili watoto wasimame. Hesabu wanaoonekana kuwa watoto kamili, kisha hesabu mayai mazima yaliyobaki. Maganda matupu usiyahesabu. Rudia mara tatu na ujumlishe. Ukipata watoto 240 na mayai mazima 60, jumla ni 300, na kopo lako ni la asilimia 80.

Sasa piga hesabu ya bei. Gramu moja ina mayai 200,000 hadi 300,000. Tukichukua 250,000, kopo la gramu 425 lina mayai 106,250,000. Kwa asilimia 80 utapata watoto milioni 85. Kwa asilimia 40 utapata milioni 42 na nusu. Kwa hiyo kopo la asilimia 40 linalouzwa kwa nusu ya bei si la bei nafuu: unalipa sawa kwa kila mtoto. Zaidi ya hapo lina mayai mazima mara tatu ya lile zuri. Kifaranga akimeza mayai na maganda hayo hawezi kuyasaga, na utumbo unaweza kuziba.

Kwa mfugaji, mpangilio ni huu: pima kopo kwanza, ndipo umchome kambare jike sindano ya homoni. Ukifanya kinyume, mayai ya samaki yatakuwa yamekwisha kutotoka wakati bado unatafuta kopo jingine. Kwa mfanyabiashara, kufungua kopo moja katika kila shehena ni gharama ndogo. Anayemwonyesha mteja matokeo ya kopo hilo hana haja ya kubishana juu ya bei.

Njiani

Adui wa mayai ni unyevu na joto pamoja. Mayai mazuri yana unyevu chini ya asilimia 10. Yakizidi hapo yai huanza kuamka, na likikosa maji ya kutosha ya kutotoka hutumia akiba yake bure na kufa. Joto likiongezeka, jambo hilo huenda kasi.

Kwa hiyo msafirishaji azingatie haya: makopo yakae kivulini, mbali na injini na bomba la moshi. Yasipakiwe pamoja na samaki wabichi au barafu inayoyeyuka. Kopo lililobonyea kwenye mshono au lililotoboka litengwe, kwa kuwa hewa imekwisha kuingia. Wanaouza rejareja kwa kupima kwenye mifuko ya nailoni wajue kwamba, tangu kopo linapofunguliwa, ubora unaanza kushuka. Gawa mara moja katika chupa ndogo kavu, funga sana, weka mahali pa baridi, na usitumie kijiko chenye maji. Msimu wa mvua Rusizi, kopo lililoachwa wazi usiku mmoja linatosha kuleta hasara.

Wanaosafirisha vifaranga wenyewe wana tahadhari zao. Vifaranga wasilishwe siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji. Mfuko uwe wa tabaka mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni. Anayevuka Nyungwe asiujaze mfuko ukakaza kama ngoma: barabara inapanda hadi karibu mita 2,500, na hewa iliyofungiwa Huye huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi huko juu. Mfuko ulioshindiliwa hupasuka. Ukifika, uelee juu ya maji mapya kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa.

Mpakani

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama hauondoi ukaguzi wa afya ya wanyama. Vifaranga hai huhitaji kibali na cheti cha afya. Sababu si urasimu peke yake. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kugundua virusi vya tilapia katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda. Ugonjwa wa namna hiyo husafiri na maji ya mfuko, na mfuko mmoja unaweza kuuvusha mpaka.

Upande wa Rwanda, ukaguzi huo uko chini ya taasisi ya RICA, na ushuru ni wa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Upande wa Kongo nako utakutana na ukaguzi na forodha. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa tu. Usidhani kwamba mayai ya artemia yamo kwa sababu ni machache. Uliza kabla, na ueleze wazi kwamba ni chakula cha vifaranga wa samaki, kwa kuwa unga wa kahawia usio na maelezo huzuiliwa kwa uchunguzi.

Hali ya usalama na saa za kufungua mpaka hubadilika. Kopo linaweza kungoja, vifaranga hawawezi. Hakikisha njia iko wazi kabla ya kufunga mifuko, si baada.

Kama kopo halipatikani

Mfugaji mwenye bwawa dogo anaweza kufuga chakula hai cha maji baridi: viroboto wa maji wanaojulikana kwa jina la moina. Maji yawekwe kwenye pipa au tangi la saruji juani, yatiwe samadi ya kuku iliyofungwa ndani ya gunia, na baada ya siku kadhaa yakigeuka kijani hutiwa moina wa mbegu kutoka bwawa jingine. Ndani ya wiki moja huwa wengi wa kuvuna. Gharama yake ni ndogo na hawafi katika maji baridi. Ubaya wake ni kwamba mavuno hayatabiriki, siku moja wamejaa na kesho wametoweka, na wengine huwa wakubwa kwa mdomo wa kifaranga wa siku za kwanza.

Ndiyo maana wazalishaji wengi hutumia vyote viwili: artemia kwa siku za mwanzo, kisha moina na unga. Mfanyabiashara anayelielewa hilo hatamwuzia mfugaji makopo sita pale anapohitaji mawili. Atamwuzia mawili yaliyopimwa, yakiwa makavu, wiki moja kabla ya mayai ya kambare kutotoka, na msimu ujao mfugaji huyo atamtafuta mwenyewe.